Fumbo la Bitcoin namba 71: mwongozo wa anayetaka kujaribu kuvunja ufunguo

Tarehe 15 Januari 2015 mtu asiyejulikana alituma muamala mmoja wa Bitcoin kwenda anwani 256 kwa mpigo. Anwani ya kwanza ilipata BTC 0.001, ya pili 0.002, ya tatu 0.003, na hivyo hivyo hadi 0.256. Ukijumlisha zote unapata BTC 32.896. Hakuacha barua wala maelezo. Waliouchunguza muamala huo wakagundua kwamba funguo za siri (namba zinazomruhusu mtu kutumia pesa za anwani) za zile anwani za mwanzo ni namba ndogo ajabu: ya kwanza ni 1, ya pili ni 3, ya tatu 7, ya nne 8, ya tano 21, ya sita 49. Ufunguo wa kawaida wa Bitcoin ni namba ya biti 256 (tarakimu 256 za 0 na 1), kubwa kiasi kwamba hakuna wa kuikisia. Hizi zilikuwa zimefupishwa makusudi, kila anwani ikawa fumbo: fumbo namba 5 lina ufunguo wa biti 5, namba 20 wa biti 20, namba 71 wa biti 71.

Mwaka 2017 mwenyewe alijitokeza bila kutaja jina akaeleza. Alisema hakuna mpangilio wowote uliofichwa. Alichukua pochi inayozalisha funguo zake kutoka mbegu moja, akachukua funguo zinazofuatana, kisha akazikata sehemu ya mbele ili kila moja iwe ngumu mara mbili ya iliyotangulia. Lengo lilikuwa kupima nguvu ya watu katika kuvunja funguo. Mwaka huohuo alihamisha pesa za namba 161 hadi 256 kuzirudisha kwenye namba za chini, maana anwani ya aina hii ina biti 160 tu na mafumbo ya juu ya hapo hayakuwa na maana. Zawadi za mafumbo yaliyobaki zikapanda mara kumi. Aprili 2023 zikapanda mara kumi tena. Ndiyo maana fumbo lililoanza na BTC 0.071 leo lina BTC 7.1, na hapo ndipo macho ya watu yalipofunguka.

Kwa hiyo hii ni zawadi halali, imewekwa na mwenye mali kwa yeyote atakayeweza. Nitaeleza namna ya kujaribu kwa utaratibu, pamoja na sehemu ambayo wengi huipuuza: jinsi ya kuitoa pesa ukishaupata ufunguo.

Hatua ya 1: Hakikisha fumbo bado lina pesa

Usichukue anwani kwa mtu aliyekutumia kwenye Telegram. Nenda kwenye tovuti yoyote ya kuangalia miamala ya Bitcoin, mfano mempool.space, utafute muamala wa asili wenye kitambulisho hiki:

08389f34c98c606322740c0be6a7125d9860bb8d5cb182c02f98461e5fa6cd15

Utaona orodha ndefu ya malipo. Kiasi ndicho kinachokuonyesha namba ya fumbo: malipo ya BTC 0.071 ndiyo fumbo namba 71, malipo ya 0.135 ndiyo namba 135. Bofya anwani yake uangalie salio la sasa. Kama salio limeondoka, kuna mtu amekutangulia, na mashine yako itakuwa inapasha joto chumba tu.

Namba 64 ilivunjwa Septemba 2022, namba 66 Septemba 2024, kisha mwaka 2025 zikaanguka 67, 68 na 69 kwa kufuatana. Namba 70 ilikuwa imeshavunjwa tangu 2019, kwa sababu nitakayoieleza. Hivyo kwa mtu anayetafuta kwa nguvu tu, inayofuata kwenye foleni ni 71.

Hatua ya 2: Chagua kati ya aina mbili za mafumbo

Hapa ndipo watu wengi wanachanganya mambo.

Anwani ya Bitcoin ya aina ya zamani, ile inayoanza na 1, ni heshi (alama fupi isiyoweza kurudishwa nyuma) ya ufunguo wa umma, namba inayokokotolewa kutoka kwenye ufunguo wa siri. Ukiwa na anwani peke yake, njia iliyopo ni moja: chukua namba, itengenezee ufunguo wa umma, ipige heshi, linganisha na anwani, nenda kwenye namba nyingine. Hakuna njia ya mkato. Namba 71 iko katika kundi hili.

Lakini tarehe 31 Mei 2019 mwenye fumbo alifanya jambo la makusudi. Alitoa satoshi 1,000 (satoshi ni sehemu moja ya milioni mia ya Bitcoin) kutoka anwani namba 65, 70, 75, 80 na kuendelea kwa tano tano hadi 160. Anwani ikishatoa pesa, ufunguo wake wa umma unabaki wazi kwenye mnyororo milele. Na ukiwa na ufunguo wa umma unaweza kutumia mbinu ya kangaruu, iliyotolewa na mwanahisabati Mwingereza John Pollard mwaka 1978. Mashine huanzisha njia mbili za kurukaruka: moja kutoka namba unayoijua, nyingine kutoka kwenye ufunguo usioujua. Urefu wa kila mruko unaamuliwa na mahali ulipokanyaga, kwa hiyo njia hizo zikikanyaga mahali pamoja mara moja tu, kuanzia hapo zitafuatana. Kwa kulinganisha umbali uliorukwa, unapata ufunguo.

Faida yake ni kubwa mno. Badala ya kupita namba zote, kazi inapungua hadi karibu na kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe inakupa idadi nzima. Ndiyo maana namba 115 ilivunjwa Juni 2020 wakati namba 64 bado ilikuwa inasimama. Jean-Luc Pons na mwenzake walitumia kadi 256 za michoro za Tesla V100 kwa siku 13. Baadaye zikafuata 120 na 125 mwaka 2023, na 130 Septemba 2024. Inayofuata katika kundi hili ni 135, yenye BTC 13.5.

Sasa mtu atasema, basi si niende kwenye 135 yenye zawadi kubwa na mbinu ya haraka? Inategemea una mashine ngapi. Utafutaji wa nguvu wa namba 71 ni bahati nasibu ya haki: ukifanya sehemu moja ya mia ya kazi, una nafasi moja kati ya mia. Kangaruu haiko hivyo. Ukifanya sehemu moja ya mia ya kazi inayotarajiwa, nafasi yako ni kama moja kati ya elfu kumi, kwa sababu unategemea njia zikutane, na njia chache hazikutani. Mbinu hii inamlipa mwenye uwezo wa kuikamilisha kazi, kama vile mwenye ghala zima la kadi. Mwenye kadi moja nyumbani ana nafasi nzuri zaidi kwenye 71, ingawa neno "nzuri" hapa ni la adabu tu, kama utakavyoona.

Hatua ya 3: Piga hesabu kabla ya kununua chochote

Chukua karatasi. Namba 71 ina ufunguo ulio kati ya 2 kwa kipeo cha 70 na 2 kwa kipeo cha 71. Idadi ya namba za kupitia ni 1,180,591,620,717,411,303,424.

Tuseme una kadi kali ya michoro, kama RTX 4090, na programu nzuri, ukapata funguo bilioni 5 kwa sekunde. Kumaliza namba zote kutachukua miaka 7,480 hivi. Kwa wastani utaukuta ufunguo nusu ya njia, kwa hiyo miaka 3,740. Kama una leptopu tu inayofanya milioni 20 kwa sekunde, kumaliza ni karibu miaka milioni 1.9.

Kwa mwaka mmoja, basi, mwenye 4090 ana nafasi moja kati ya 7,480. Tuseme Bitcoin moja ni dola 100,000 ili hesabu iwe nyepesi. Zawadi ni dola 710,000. Igawe kwa 7,480: kwa mwaka mzima wa kuwasha mashine, thamani ya nafasi yako ni kama dola 95.

Upande wa gharama: kadi hiyo ikila wati 450 mchana na usiku, kwa mwaka ni uniti 3,942. Ukinunua LUKU kwa wastani wa shilingi 350 kwa uniti, hiyo ni shilingi 1,379,700. Kwa dola ya shilingi 2,500 ni karibu dola 550, na hapo sijahesabu kompyuta yenyewe, feni, wala umeme kukatika. Ukiamua kukodi kadi mtandaoni kwa senti 35 za dola kwa saa, unalipa zaidi ya dola 3,000 kwa mwaka kwa ajili ya nafasi ileile ya dola 95.

Kwa namba 135, hata kwa kadi inayoruka mara bilioni 8 kwa sekunde, kazi inayotarajiwa ni kati ya miaka 670 na 1,170 kutegemea ubora wa programu.

Nimeziweka namba hizi mapema kwa sababu nimeona vijana wakiuliza kama wakope ili wanunue kadi. Usikope. Kama tayari una kadi ya kuchezea gemu au kuhariri video, na unapenda kujifunza, endelea. Utakachokipata kwa uhakika ni ujuzi wa jinsi funguo za Bitcoin zinavyofanya kazi, na nafasi ndogo ya kuamka tajiri. Kama unatafuta kipato, hesabu imeshakujibu.

Hatua ya 4: Vunja fumbo dogo kwa mkono wako

Kabla ya kugusa programu za watu, vunja mwenyewe fumbo namba 20. Pesa yake iliondoka zamani, lakini ni darasa zuri. Weka Python kwenye kompyuta, kisha maktaba inayoitwa bit kwa amri `pip install bit`. Andika faili lenye mistari hii:

```
from bit import Key

lengo = "1HsMJxNiV7TLxmoF6uJNkydxPFDog4NQum"

for n in range(2**19, 2**20):
    if Key.from_int(n).address == lengo:
        print("Umepatikana:", n, hex(n))
        break
```

Kwanza jaribu `Key.from_int(1).address` peke yake. Inapaswa kukupa 1BgGZ9tcN4rm9KBzDn7KprQz87SZ26SAMH, yaani anwani ya fumbo namba 1. Ikikupa kitu kingine, kuna tatizo kwenye usakinishaji na usiendelee.

Ukiendesha mzunguko mzima, baada ya muda itakuandikia 863317, ambayo kwa hekisi (namba zinazoandikwa kwa 0 hadi 9 na a hadi f) ni d2c55. Mashine yako imepita namba 339,029 kufika hapo. Sasa badilisha ujaribu namba 21, kisha 22, kisha 23, ukichukua anwani zake kwenye ule muamala wa asili. Kila ukipanda ngazi moja, kazi inaongezeka mara mbili. Kufika 25 utaanza kuchoka kusubiri. Kutoka 20 hadi 40 kazi inaongezeka zaidi ya mara milioni moja. Hakuna maelezo ya maandishi yanayokuingiza ukubwa wa namba 71 kichwani kama kukaa mbele ya skrini ukisubiri namba 25.

Hatua ya 5: Weka programu ya kweli na uipime

Programu zinazojulikana ni chache na msimbo wake uko wazi kwenye GitHub. Kwa prosesa ya kawaida kuna keyhunt ya albertobsd. Kwa kadi za NVIDIA kuna BitCrack ya brichard19, ambayo ni ya zamani kidogo lakini inaeleweka, na VanitySearch ya Jean-Luc Pons, ambayo watu wameitolea matoleo mengi yaliyorekebishwa ili itafute ndani ya masafa maalumu. Kwa kangaruu kuna Kangaroo ya Jean-Luc Pons, lakini imewekewa kikomo cha masafa ya biti 125, kwa hiyo kwa namba 135 wanaoijaribu hutumia RCKangaroo.

Pakua msimbo, jenga programu mwenyewe. Kwenye Ubuntu, keyhunt inapatikana hivi:

```
sudo apt install git build-essential libssl-dev libgmp-dev
git clone https://github.com/albertobsd/keyhunt
cd keyhunt
make
```

Kipimo cha kwanza kimo humohumo kwenye folda. Kuna faili lenye anwani za mafumbo 32 ya mwanzo:

```
./keyhunt -m address -f tests/1to32.txt -r 1:FFFFFFFF -l compress
```

Ndani ya dakika kadhaa utaona funguo zikidondoka moja baada ya nyingine, na nakala zake zikiandikwa kwenye faili linaloitwa KEYFOUNDKEYFOUND.txt. Fungua faili hilo, ulinganishe na zile ulizozipata kwa Python. Ufunguo wa namba 32 unapaswa kuwa b862a62e.

Hiyo sehemu ya `-l compress` usiisahau. Ufunguo mmoja wa siri unaweza kutoa anwani mbili tofauti, moja kutokana na ufunguo wa umma uliofupishwa na nyingine kutokana na mrefu. Mafumbo haya yote ni ya ule uliofupishwa. Ukiacha programu itafute zote mbili, unapoteza kasi bure. Ukiiacha itafute ule mrefu peke yake, unaweza kupita juu ya ufunguo wenyewe na usiuone. Kwenye BitCrack alama yake ni `-c`.

Usiruke kipimo hiki hata kama una haraka. Programu iliyojengwa vibaya, au kadi iliyosukumwa kupita uwezo wake, inaweza kuonyesha kasi kubwa kwenye skrini huku inakosea mahesabu kimyakimya. Kila ukibadilisha kitu, iwe toleo la programu, dereva wa kadi au mipangilio ya kasi, rudia kutafuta fumbo lenye jibu unalolijua.

Na kuhusu faili za .exe zinazosambazwa kwenye magrupu, zile zinazojiita "Private Key Cracker" au zinazodai kutumia akili bandia kutabiri ufunguo: kama si virusi vya kuiba pochi yako, basi zinatuma ufunguo kwa mwenye programu siku ukiupata. Hakuna anayeuza kwa dola 50 mashine ya kutengeneza dola 710,000.

Hatua ya 6: Chagua masafa ya kutafuta

Masafa yote ya namba 71 kwa hekisi ni haya:

400000000000000000:7fffffffffffffffff

Huwezi kuyamaliza, kwa hiyo unachagua kipande. Hapa utakutana na wataalamu wengi wa mitandaoni wenye michoro, wanaokuambia ufunguo "lazima" uko asilimia fulani ya masafa kwa sababu uliotangulia ulikuwa mahali fulani. Tazama waliokwisha kupatikana. Namba 64 ilikuwa kwenye asilimia 93 ya masafa yake. Namba 66 kwenye asilimia 26 hivi. Namba 67 karibu asilimia 80. Namba 68 asilimia 49, katikati kabisa. Namba 69 ilikuwa kwenye asilimia 0.7, mlangoni, aliyeanza mwanzo wa masafa kwa mpangilio alikuwa na bahati ya ajabu. Namba 70 asilimia 64. Rudi kwenye zile ndogo: namba 3 ufunguo wake ni wa mwisho kabisa katika masafa, namba 4 ni wa kwanza kabisa, na namba 10 ni 514 katika masafa yanayoanzia 512. Mwenye fumbo alisema hakuna mpangilio, na namba zinamuunga mkono. Ukitaka kuchora michoro, chora, ila usimlipe mtu.

Kutafuta kwa kufuata mstari au kwa kurukaruka ovyo kuna nafasi sawa, maadamu hurudii ulipopita. Mimi napendelea kuanza mahali pa bahati nasibu, kisha kwenda kwa mstari huku nikiandika nilipofika. Sababu ni ya kawaida tu: kila mgeni huanza mwanzo wa masafa, kwa hiyo eneo hilo limeshapitiwa na wengi. BitCrack ina chaguo la `--continue` linaloandika maendeleo kwenye faili, na ni la lazima kwa sisi ambao umeme unaweza kwenda bila kuaga:

```
./cuBitCrack -c --keyspace MWANZO:MWISHO --continue maendeleo.txt -o matokeo.txt ANWANI
```

Kuna pia vikundi vya watu wanaogawana masafa, kila mmoja akipewa kipande chake. Kasi inaongezeka, lakini soma masharti. Uliza nani anayeuona ufunguo ukipatikana, na nini kinamzuia asiondoke nao peke yake. Vingi havina jibu zaidi ya "tuaminiane".

Jambo jingine: ukikodi mashine mtandaoni, mwenye mashine anaweza kuona faili la matokeo. Kwa kazi hii mashine yako mwenyewe, hata kama ni dhaifu, ina faida hiyo.

Hatua ya 7: Baki ndani ya mipaka

Programu hizi zinakubali anwani yoyote utakayoiandika, na wapo wanaoweka orodha za anwani tajiri za watu wengine wakitumaini kugonga. Kihesabu ni upuuzi, kwa sababu hizo zina ulinzi kamili wa biti 160. Kisheria ni jambo zito zaidi. Pesa ya kwenye fumbo imetolewa na mwenyewe; pesa ya kwenye pochi ya mtu mwingine ni mali yake hata kama ufunguo wake ni dhaifu. Tanzania ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya ina sheria yake ya mwaka 2018, na kujitetea kwamba "nilikuwa najaribu programu" hakutakufikisha mbali.

Kuna mtego unaofanana na huu unaowanasa watu wetu sana. Mtu anaandika hadharani maneno 12 ya siri ya kufungulia pochi yake, akijifanya mgeni anayeomba msaada wa kutoa USDT, sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Ukiingia unakuta pesa kweli, lakini pochi haina TRX, sarafu ya mtandao wa Tron, ya kulipia ada. Unatuma TRX ili uikombe. Pochi hiyo imewekwa iidhinishwe na sahihi ya mtu mwingine, USDT haitoki, na TRX yako inahamishwa. Hilo si fumbo, ni ndoano, na anayenasa ni yule aliyekuja kuiba.

Hatua ya 8: Andaa njia ya kutoa pesa kabla hujaupata ufunguo

Ukisoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, isome hii.

Septemba 2024 mtu alivunja namba 66 baada ya dunia kuitafuta kwa miaka. Akafanya kile ambacho kila mtu angefanya: akatengeneza muamala wa kuhamisha BTC 6.6 na kuutuma mtandaoni kama kawaida. Roboti zikaunyakua. Mshindi aliyefanya kazi akabaki anatazama.

Ilitokeaje? Ili kutumia pesa za anwani ya zamani, muamala lazima uonyeshe ufunguo wa umma. Unapoutuma, unakaa kwanza kwenye foleni ya miamala inayosubiri wachimbaji (wanaothibitisha miamala kwa mafungu yaitwayo bloku), na foleni hiyo iko wazi kwa kila mtu. Sasa kumbuka hatua ya 2. Ufunguo wa umma ukishajulikana, kangaruu inaingia kazini, na kwa ufunguo wa biti 71 kazi inakuwa miruko bilioni 69 hivi. Kadi moja kali inaimaliza ndani ya sekunde kumi. Bloku hupatikana kwa wastani kila dakika 10. Roboti ina muda wa kutosha kuvunja ufunguo, kutengeneza muamala mwingine wa pesa zilezile kwenda kwake, kuupa ada kubwa zaidi, na mchimbaji atachukua wenye ada kubwa. Kuzima alama ya kuruhusu muamala ubadilishwe hakusaidii tena, kwa sababu tangu toleo la 28 la Bitcoin Core, programu kuu ya mtandao huu, Oktoba 2024, nodi (kompyuta zinazouendesha mtandao) hukubali muamala wenye ada kubwa zaidi bila kujali alama hiyo.

Suluhisho ni muamala wako usipite kwenye foleni ya wazi kabisa. Unampelekea mchimbaji moja kwa moja, yeye auweke ndani ya bloku yake, na dunia iuone ukiwa umeshathibitishwa. Kampuni ya uchimbaji ya MARA ina huduma ya namna hiyo, inaitwa Slipstream, ilianza Februari 2024. Unabandika muamala uliosainiwa, unasubiri wapate bloku. Inaweza kuchukua saa nyingi, maana hawachimbi kila bloku. Vumilia.

Kwa vitendo, fanya hivi. Kwenye kompyuta yenye intaneti, fungua Electrum, programu ya pochi ya Bitcoin, na utengeneze pochi ya kutazama tu kwa kuweka anwani ya fumbo, bila ufunguo. Tengeneza muamala wa kwenda kwenye anwani yako, weka ada ya ukarimu, uhifadhi ukiwa haujasainiwa. Uhamishe kwa flashi hadi kwenye kompyuta ambayo haijaunganishwa na mtandao, yenye Electrum iliyowekewa ufunguo kwa kutanguliza `p2pkh:`. Saini huko. Toa maandishi ya muamala uliosainiwa, na hayo ndiyo unayopeleka kwa mchimbaji. Usibonyeze kitufe cha kurusha muamala. Usiingize ufunguo kwenye programu ya simu inayotoa huduma ya "kukomba" pochi, kwa sababu itarusha muamala hadharani papo hapo bila kukuuliza.

Fanya mazoezi ya mlolongo huu kwenye mtandao wa majaribio wa Bitcoin, ule wa sarafu zisizo na thamani, mpaka mkono uzoee. Usijaribu kwa kutuma pesa halisi kwenye funguo ndogo kama 1 au 21. Roboti zinazilinda anwani hizo usiku na mchana, na pesa yako itatoweka kabla hujafungua ukurasa wa pili.

Muamala ukishatoka na bloku, subiri uthibitisho sita kabla ya kumwambia mtu yeyote au kuhamisha tena. Ukija kuuza kwa kampuni ya Tanzania, kumbuka kuna kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mauzo ya mali za kidijitali tangu sheria ya fedha ya 2024.

Aliyechagua namba 135 hana presha hii ya mwisho. Ufunguo wake wa umma uko hadharani tangu 2019, hivyo muamala wake haumfundishi mtu kitu kipya, na anaweza kuurusha mtandaoni kama watu wote.